Kaa na Tone Moja: Ushauri kwa Mwenye Hadubini Nyumbani

Swali la kwanza ambalo mnunuzi wa hadubini humuuliza muuzaji ni hili: inakuza mara ngapi? Muuzaji naye humwonyesha boksi lililoandikwa mara 1,200, bei inapatanwa, na biashara inaishia hapo. Siku mbili tatu baadaye mtoto ameshachungulia unywele wake, ameona kivuli cha kijivu kinachotikisika, na chombo kimerudi kabatini. Nataka hilo lisitokee nyumbani kwako.

Mambo matatu yana uzito kuliko ukuzaji mkubwa. La kwanza ni kitu kilichoandaliwa kikawa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. La pili ni mwanga wenyewe, uliopunguzwa kwa kadiri. La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni subira ya kukaa na kitu kimoja siku baada ya siku. Shuleni subira hiyo haina nafasi. Darasa zima hupanga foleni mbele ya chombo kimoja, kila mwanafunzi huchungulia kidogo tu, tena akiwa ameshaambiwa atakachokiona. Nyumbani hakuna foleni. Unaweza kulifuatilia tone la maji ya chupa moja tangu Jumatatu hadi Jumapili, ukaona nani ametokea, nani ametoweka, na nani anamla nani.

Anayedhani kwamba ukuzaji mdogo hautoshi amkumbuke Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, ambaye hakusoma chuo kikuu. Alisaga lenzi zake mwenyewe, na kila hadubini yake ilikuwa na lenzi moja tu. Iliyo bora miongoni mwa zile zilizobaki hadi leo hukuza takriban mara 270. Kwa vyombo vya namna hiyo, mwaka 1674 aliona viumbe wakiogelea katika maji ya ziwa lililo karibu na mji wake. Mwaka 1676 aliiandikia Royal Society ya London habari za viumbe wadogo zaidi, na mwaka 1683 akaeleza wale aliowakuta kwenye utando wa meno, ambao leo tunawaita bakteria. Kilichombeba ni mikono yenye uangalifu na mazoea ya kurudia kutazama.

Kuchagua chombo

Hadubini ya kawaida ina lenzi ya jicho, ambayo mara nyingi hukuza mara 10, na lenzi tatu za chini zinazokabili kitu unachokitazama: ya 4, ya 10 na ya 40. Ukizidisha unapata ukuzaji wa mara 40, 100 na 400. Huo unakutosha kwa miaka. Lenzi ya 100, ambayo hufanya kazi ikiwa imezama kwenye tone la mafuta maalumu, ni chombo cha maabara, iache kwanza. Kila lenzi ina kikomo cha undani inayoweza kuuonyesha, na ukikipita kikomo hicho picha hutanuka tu bila kukuongezea habari yoyote. Lenzi nzuri ya 40 haina faida ukizidi ukuzaji wa mara 650 hivi. Ndiyo maana boksi la chombo cha plastiki linalotangaza mara 1,200 ni la kuogopwa.

Ukienda dukani, au ukipata hadubini iliyokwisha tumika, chukua kipande cha gazeti chenye herufi ndogo. Kiweke juu ya meza ya chombo, tazama kwa lenzi ya 4, kisha badilisha hadi ya 10 na ya 40. Kila lenzi inapofika mahali pake isikike au ihisike ikijifunga. Picha ikishakuwa wazi kwa lenzi moja, iwe karibu kuwa wazi kwa inayofuata, ili gurudumu dogo la kurekebisha picha pekee lihitaji kuguswa. Achia mikono na usubiri kidogo: kama picha inapotea yenyewe, meza inashuka kwa uzito wake, na chombo hicho kitakusumbua. Mwisho, ivue lenzi ya jicho na uitazame kwa kuielekeza kwenye mwanga. Ukiona mtandao wa nyuzi nyembamba ndani ya kioo, huo ni ukungu ulioota humo, na kuuondoa ni kazi ya fundi wa vifaa hivyo.

Pale umeme unapokatika mara kwa mara, chombo chenye kioo cha kuakisi mwanga wa mchana kina faida yake, na chenye taa ya betri ya kuchaji nacho kinafaa. Kama ni cha kioo, sharti moja halina mjadala: usikielekeze kioo kwenye jua lenyewe. Mwanga wa jua ukikusanywa na lenzi unaweza kuliunguza jicho moja kwa moja. Elekea ukuta mweupe au anga la upande lisilo na jua.

Asiyekuwa na uwezo wa kununua hadubini ya mezani bado ana njia. Mwaka 2014 Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza hadubini ya kukunja kwa karatasi iitwayo Foldscope, yenye lenzi moja ndogo ya mviringo. Inayouzwa hukuza mara 140, na inatosha kuonyesha seli za kitunguu na viumbe wa maji. Njia nyingine ni lenzi ndogo iliyomo kwenye kalamu ya leza iliyoharibika. Toa betri kwanza, ifungue, chomoa lenzi, kisha ibandike mbele ya kamera ya simu. Hutapata undani wa lenzi ya 40, lakini mdudu, chavua na nyuzi za kitambaa vitaonekana vizuri. Kuhusu vile vyombo vya kuunganisha kwenye kompyuta kwa waya, vingi hutazama sura ya nje ya vitu, kama bawa au sarafu. Usivinunue ukitarajia kuona seli.

Mkono na jicho

Slaidi za kioo huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara, pamoja na vifuniko vyembamba vya kioo vinavyowekwa juu ya tone. Ongeza wembe, kibano, tishu, na bomba la sindano lililotolewa sindano kwa kudondoshea maji. Vitu hivyo vinaenea kwenye kopo moja.

Kila mara anza na lenzi ya 4, hata kama unachokitafuta ni kidogo. Lenzi hii huonyesha eneo pana, na humo ndimo utakapochagua pa kukazia macho. Unapotaka kuisogeza lenzi karibu na slaidi, tazama kwa ubavuni, si kupitia lenzi ya jicho. Kisha chungulia huku ukiitenga lenzi na slaidi taratibu mpaka picha iwe wazi. Kwa utaratibu huo hutavunja kifuniko wala kukwaruza lenzi. Ukifika kwenye lenzi ya 40 acha kabisa kugusa gurudumu kubwa. Picha utakayoiona imepinduliwa, kwa hiyo ukisukuma slaidi kulia kitu kinakwenda kushoto. Baada ya siku chache mkono utazoea wenyewe. Macho yote mawili yawe wazi, maana kufumba moja kunachosha uso na kukufanya uache mapema.

Wanaoanza karibu wote huwasha mwanga hadi mwisho. Seli na viumbe wa maji ni angavu, na mwanga mwingi huwafuta. Chini ya meza ya hadubini kuna kiwambo cha kupunguzia mwanga: kifunge polepole na utaona mipaka ya seli, viini na vinyweleo vikijitokeza. Zoezi hilo moja hubadilisha chombo kuliko kununua lenzi mpya.

Weka kitu ndani ya tone la maji, kisha gusisha ukingo mmoja wa kifuniko kwenye tone na ukilaze kwa mwinamo ili hewa itoke. Viputo vya hewa vikibaki utaviona kama duara zenye ukingo mweusi mnene. Vijue mapema, usije ukavichora ukidhani ni seli. Tone likianza kukauka, ongeza maji kidogo ukingoni. Kama unataka likae saa kadhaa, paka mafuta ya mgando kuzunguka kingo za kifuniko.

Kitunguu, ndizi na hamira

Kwa seli za kwanza chukua kitunguu maji chekundu. Kikate, tenganisha tabaka moja nene, kisha kwa kibano vuta ngozi nyembamba ya zambarau iliyo upande wa nje wa tabaka hilo. Kipande cha milimita 5 kinatosha. Kitandaze kwenye tone la maji bila mikunjo, kifunike, utazame kwa mara 40 na kisha 100. Utaona vyumba vilivyopangwa safu kwa safu, vingi vimejaa rangi. Robert Hooke, aliyechapisha kitabu chake Micrographia mwaka 1665, aliona kuta tupu za seli katika gamba kavu la mti wa koki. Wewe unaona seli zikiwa hai.

Sasa usiiondoe slaidi. Koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika robo kikombe cha maji. Weka tone la maji hayo kwenye ukingo mmoja wa kifuniko, na ukingo wa pili gusisha kipande cha tishu ili kiyavute maji ya chumvi yapite juu ya kitunguu. Chungulia bila kuondoka. Baada ya dakika chache rangi ya zambarau itaanza kujikusanya katikati ya kila seli na kuziachia kuta zake. Chumvi imeyavuta maji kutoka ndani, utando wa seli umesinyaa, na ukuta mgumu umebaki ulipokuwa. Rudisha maji matupu kwa njia ileile, na seli nyingi zitajaa tena, mradi hukuzichelewesha. Umeona sababu ya vitunguu vya kachumbari kutoa maji na kulegea vinapotiwa chumvi.

Ili kuona kiini cha seli, tumia ngozi isiyo na rangi ya upande wa ndani wa tabaka hilohilo na uitie tone la iodini iliyochanganywa na maji. Iodini ya vidonda ya duka la dawa inafaa. Kiini kitaonekana kama doa la manjano iliyokolea, mara nyingi likiwa limeegemea ukuta.

Iodini hiyo inafaa pia kwa wanga, ambao ukiguswa nayo huwa wa buluu iliyokaribia weusi. Kwangua kiazi mbatata kwa ncha ya wembe na uweke majimaji yake kwenye slaidi. Tazama kwanza bila iodini: chembe za wanga wa kiazi ni kubwa, nyingine hukaribia mikromita 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, na mwanga ukiupunguza utaona miduara hafifu ndani yake. Linganisha na unga wa muhogo, unga wa mahindi na unga wa mchele. Kila mmoja una umbo na ukubwa wake, na wa mchele ni mdogo kupita wote. Kisha chukua ndizi mbichi na ndizi mbivu kutoka kwenye chane moja. Paka kila moja kwenye slaidi yake kwa safu nyembamba sana, utie iodini. Mbichi imejaa chembe zinazogeuka rangi; katika mbivu zimepungua mno, kwa kuwa wanga umekuwa sukari. Ukirudia kila siku kwa ndizi za chane hilo mpaka zote ziive, utakuwa umefuatilia kuiva kwenyewe ndani ya seli.

Hamira ya kukandia mandazi ni kiumbe hai, jamii ya kuvu. Weka chembe chache kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, subiri nusu saa, kisha yachanganye na maji zaidi hadi yawe na weupe hafifu tu. Kwa mara 400 utaona seli za mviringo zenye mikromita 5 hadi 10, na baadhi zimeota vichipukizi ambavyo vitakuwa seli mpya.

Seli zako mwenyewe zinapatikana ndani ya shavu. Sugua taratibu kwa kijiti cha pamba kisafi, paka kwenye slaidi, uache ikauke kidogo. GV ya duka la dawa, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, ni rangi nzuri ya seli. Changanya tone moja na matone kumi ya maji, weka kidogo kwenye slaidi, subiri dakika moja, suuza kwa matone machache ya maji, funika. Utaona seli bapa zenye upana wa mikromita 50 hadi 80, kila moja na kiini chake, na juu yake vidoa vidogo sana vya bakteria wa mdomoni. Tandika gazeti kuukuu kwanza, maana GV haitoki kwenye kanga wala kwenye meza. Kila mtu atumie kijiti chake na atazame seli zake, na slaidi ikalowekwe kwenye maji ya klorini kabla ya kuoshwa.

Chupa ya wiki nzima

Baada ya jikoni, nenda kwenye maji. Chukua chupa mbili za mdomo mpana. Katika ya kwanza weka konzi ya majani makavu na maji ya mvua au ya kisima. Kama una maji ya bomba tu, yaache wazi siku moja ili klorini ipungue. Katika ya pili weka maji ya kijani ya bwawa, mfereji au beseni lililosahaulika nyuma ya nyumba, pamoja na tope kidogo la chini na kipande cha jani lililooza. Ziweke mahali penye mwanga ila si juani. Funika midomo kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwa mpira. Hili ni lazima: chupa iliyo wazi itazaa mbu kabla hujamaliza uchunguzi wako.

Kila siku, saa ileile ukiweza, chukua tone juu, tone katikati na tone chini. Katika chupa ya majani makavu maji huanza kuwa na weupe na utando juu. Hao ni bakteria wanaokula majani. Baadaye hutokea viumbe wadogo wanaowala bakteria, kama Colpoda, ambao walikuwa wamelala kwenye majani makavu ndani ya magamba yao wakingoja maji. Wakubwa zaidi hufuata. Paramesiamu akiwepo humkosi: ana umbo la soli ya kandambili, urefu wa kati ya mikromita 100 na 300, na huenda akijizungusha kwa silia, vinyweleo vinavyoufunika mwili wake wote.

Anakimbia, na wengi hukata tamaa kwa hilo. Weka nyuzi chache za pamba kwenye tone kabla ya kufunika. Atanaswa kwenye vyumba vidogo na hatakwenda mbali. Hapo panda hadi mara 400, punguza mwanga, utulie naye. Ndani ya mwili wake kuna vifuko viwili vya kusukumia maji. Huvimba polepole, kisha husinyaa ghafla, kwa zamu. Maji ya nje humwingia bila kukoma, na asipoyatoa atapasuka. Hesabu sekunde kati ya msinyao mmoja na mwingine. Ukitia chumvi kidogo sana kwenye tone, mapigo hupungua kasi, kwa kuwa maji yanayoingia yamepungua. Ni kanuni ileile ya kitunguu, safari hii katika kiumbe wa seli moja.

Katika chupa ya bwawa tafuta nyuzi za kijani zenye utelezi: ukiona ndani ya kila seli utepe wa kijani uliojisokota, umeipata spirogira. Euglena ni wa kijani, mwembamba, mwenye doa jekundu la kuhisi mwanga. Vorticella amekaa juu ya kikonyo, na ukigonga meza kikonyo hujikunja papo hapo. Amiba yuko kwenye tope, taratibu mno, na huonekana kwa anayesubiri tu. Rotifera ana seli nyingi, na kichwani ana duara mbili za silia zinazoonekana kuzunguka. Aishiye karibu na ukuta wenye unyevu akwangue ile mimea midogo ya kijani iliyotanda juu yake, ailoweke usiku kucha na kuikamua asubuhi. Humo hupatikana minyoo myembamba, rotifera, na pengine tardigradi mwenye miguu minane, wa karibu nusu milimita, anayeweza kukauka kabisa na kuamka akipata maji.

Msomaji wa pwani achukue pia kijiko cha mchanga, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, autandaze kwenye slaidi nyeusi au karatasi nyeusi na kuumulika kwa tochi kutoka juu kwa lenzi ya 4. Miongoni mwa punje atakuta makombe madogo yaliyojengwa kwa vyumba vidogo vidogo. Ni ya foraminifera, viumbe wa seli moja. Na aliye Bonde la Ufa ajue kwamba chakula kikuu cha heroe wadogo wa Nakuru, Bogoria na Natron ni Arthrospira, uzi uliojisokota usioonekana kwa jicho tupu. Rangi ya waridi ya manyoya yao imetokana na rangi zilizomo ndani ya uzi huo.

Usalama usiopuuzwa

Katika nchi zetu maji baridi ya mabwawa, mifereji ya mpunga na kingo za maziwa yana kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha lolote. Kwa hiyo usiingie majini kuchota, na mtoto asiingie. Funga chupa kwenye fimbo ndefu, chota ukiwa nchi kavu, vaa glavu za mpira. Maji yakae chupani siku mbili kabla hujaanza kuyashika, kwa sababu vimelea hivyo havidumu zaidi ya hapo nje ya konokono. Na kama umechota na konokono, warudishe mara moja, maana watatoa vingine. Mizizi ya gugumaji ina viumbe wengi wa kupendeza, na ina konokono pia, hivyo tahadhari iongezeke.

Maji ya mifereji ya maji taka yaache kabisa. Damu usiitumie nyumbani, iwe yako au ya mtu mwingine. Alphonse Laveran aliona vimelea vya malaria katika damu mwaka 1880, akiwa Algeria, na hadi leo mtaalamu wa maabara huvitafuta kwa rangi maalumu na ukuzaji wa mara 1,000, akiwa amefunzwa kazi hiyo. Mwenye homa aende kituo cha afya. Mkate wenye ukungu usiufungue karibu na mwenye pumu. Gusisha utepe wa gundi kwenye ukungu, ubandike kwenye slaidi, na mkate ufungwe na kutupwa. Kila kazi ikiisha, sabuni na maji. Wembe ushikwe na mtu mzima.

Pima, chora, uliza

Mchungulio usioandikwa hupotea kesho yake. Uwe na daftari na penseli. Kila mchoro uwe na tarehe, mahali pa sampuli na ukuzaji. Leeuwenhoek hakujiona mchoraji hodari, akaajiri mchoraji wa kumsaidia. Wewe chora tu, hata vibaya. Ukianza kuuchora ukingo wa seli, jicho linalazimika kuamua ukingo uko wapi, na hapo ndipo unapogundua ulichokuwa hujakiona. Picha ya simu iliyosogezwa kwenye lenzi ya jicho ni kumbukumbu nzuri, ila isichukue nafasi ya mchoro.

Jifunze kupima. Weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga chini ya lenzi ya 4 na uhesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Katika hadubini nyingi zitakuwa 4 na nusu hivi. Kwa lenzi ya 10 eneo hilo litakuwa milimita 1.8, na kwa ya 40 milimita 0.45. Kama seli 6 za kitunguu zimepangana kutoka mwanzo hadi mwisho wa eneo la milimita 1.8, kila moja ina urefu wa milimita 0.3. Kuanzia hapo kila unachokiona kina ukubwa, na unaweza kukilinganisha na cha jana.

Kisha uliza swali ambalo chupa inaweza kulijibu. Chemsha sufuria ya maji na majani makavu kwa dakika kumi, funika na mfuniko wake ikiwa bado ya moto. Nyingine iwe na maji na majani yaleyale bila kuchemshwa, nayo ifunikwe. Fungua baada ya siku tano na utazame tone la kila moja. Katika isiyochemshwa wenye silia watakuwa wamejaa. Katika iliyochemshwa huenda ukakuta bakteria, na usidhani umekosea: mwaka 1876 Ferdinand Cohn alieleza kwamba baadhi ya bakteria wa majani makavu wana spora zinazohimili maji yanayochemka. Waeleze watoto na jambo hili pia: vimelea wengi wa maradhi ni wadogo mno kwa lenzi zenu, kwa hiyo tone linaloonekana tupu si ushahidi kwamba maji ni salama. Ya kunywa yachemshwe.

Kukitunza chombo

Joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja huotesha ukungu kwenye lenzi. Hifadhi hadubini kwenye boksi linalofungika vizuri pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uitoe uitumie mara kwa mara. Vumbi lipulizwe kwa kipulizio cha mpira kabla ya kufuta. Futa kwa kitambaa laini cha kusafishia miwani, kamwe si kwa pindo la shati. Maji ya chumvi na iodini yakidondokea chuma, futa papo hapo. Unapoihamisha, mkono mmoja ushike shingo na mwingine ubebe kitako.

Ukitaka mpangilio wa mwezi wa kwanza, uwe huu: wiki ya kwanza gazeti na kitunguu mpaka mkono uzoee, wiki ya pili ndizi, unga na hamira, kisha wiki mbili zilizobaki chupa ya majani makavu peke yake, kila siku tone moja na mchoro mmoja. Usiongeze chupa nyingine kabla hujaimaliza hiyo. Tone la siku ya tatu halina maana kubwa kwa aliyeliona peke yake. Aliyeliona pamoja na la siku ya pili na la siku ya kumi anajua kilichobadilika, na ana swali lake mwenyewe la kuanzia chupa inayofuata.